Vifurushi vya Atija

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya jani la mgomba likibabuliwa motoni. Sogeza jamvi ukae. Naanza kwa kucheka, lakini hasira itanipanda tu, huwa inapanda.

Kaka yangu alioa hapo Mikindani, wakati wa vita vya Mreno ng'ambo. Mkewe, wifi yangu Atija, kavuka Ruvuma na nguo aliyovaa, wazazi wake kawaacha kaburini. Na desturi yetu, harusi ikiisha bi harusi anawapikia wakwe, na wa kwanza kula ni shangazi wa bwana. Shangazi asipokula, mke anarudishwa kwao akafundwe upya.

Basi Atija akakuna muhogo, akatia nazi na uduvi, akafunga kwenye majani ya mgomba, akapika kwa mvuke. Hata sisi tunakipika hicho. Ila sisi jani tunalikunja tu, yeye kafunga kwa ukindu, ule wa kusukia mikeka, na ndani katia karanga.

Shangazi Somoe kuuona ule ukindu, akasukuma sinia. Eti watu wa ng'ambo wametuibia chakula chetu, tena wamekiharibu. Mpaka leo najiuliza: kama chetu, mbona hakukila? Kama si chetu, kaibiwa nini? Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Na mama yangu, mtu mzima, anachezea pindo la kanga. Atija kainama, anaokota vifurushi vyake.

Alikuwepo jirani, Bi Salha, mke wa Mwarabu mwenye duka, kikongwe wa meno mawili. Hakuulizwa na mtu. Akachukua kifurushi, akafungua, akala taratibu mpaka akaramba jani.

"Kwa bibi yangu, huko nchi ya Shamu," akasema, "wanafunga wali na nyama kwenye majani ya mzabibu. Mturuki anasema chake, Mgiriki anasema chake, sisi tunasema chetu. Huyu anakamulia ndimu, yule anamwagia mtindi, na wote wanashiba. Sasa wewe Somoe, mtoto huyu unamrudisha wapi? Mtoni?"

Shangazi akala. Hakuomba radhi, wala usidhani aliomba mpaka anakufa. Akala vitatu. Na Idi iliyofuata akaja kwa Atija kuomba ukindu wa kufungia vyake, bila haya, mtu mzima yule.

Kwa hiyo nisikilize. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiona jirani anapika chako kwa namna yake, kaa ule, uulize kwao wanatia nini. Na akidhalilishwa mtu mbele ya chakula alichopika, usichezee pindo la kanga kama mama yangu. Nyoosha mkono, ule.

Mungu akupe chungu kisichokauka, mwanangu, na wakwe wenye njaa.