Mlango wa Kijani

Kwenye gereji ile walimwita Mama Rangi, na si kwa upendo. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi za magari: analetewa kipande cha bodi iliyokwaruzwa, naye anatafuta rangi itakayokaa juu yake isijulikane. Alifundishwa na marehemu mumewe. Mume alipofariki, gereji ikashikwa na mdogo wake, na tangu hapo shemeji hao wawili wakawa paka na panya.

"Huyu tumeachiwa kama kutu," shemeji aliwaambia mafundi, makusudi ili asikie.

"Kutu hukaa palipo na chuma kibovu," alijibu bila kugeuka.

Meza yake ilikuwa uani, kwenye jua. Asubuhi moja akaikuta imetupwa stoo, chumba kisicho na dirisha, chini ya taa mbili ndefu za tyubu. Shemeji alitaka uani pawe pa kuegesha magari.

"Rangi hazichanganywi humu," Mama Rangi alisema.

"Kwani taa si mwanga? Au macho yako yanakula jua kama majani?"

Akachanganya humohumo, roho ikimuuma. Gari la kwanza lilikuwa la kijani kilichokolea, la mwalimu mkuu mmoja asiye na mzaha. Alijaribu mara sita, mpaka rangi mpya na ya zamani zikawa kitu kimoja. Shemeji akachungulia, akatazama, akasema, "Haya, pulizeni." Fundi wa kupuliza akapuliza mlango. Ulipokauka, gari likasukumwa nje juani. Gari lilikuwa kijani. Mlango ulikuwa rangi ya matope.

Mwalimu mkuu alifoka mpaka majirani wakatoka. Na shemeji akapata alichokitafuta miaka yote.

"Kipofu wa rangi! Kaka yangu alioa kipofu, akatuachia sisi!"

Mama Rangi akachomoa CD kuukuu iliyoning'inia kwenye kioo cha teksi mbovu, akaigeuza juani. Nyekundu ikayeyukia kwenye machungwa, machungwa kwenye njano, kisha kijani, buluu, mpaka zambarau, bila pengo. Halafu akawaita wote stoo, akaishika chini ya taa. Safari hii rangi zilikaa vipande vipande: mstari mwekundu, wa kijani, wa buluu, na katikati yake giza.

"Jua lina rangi zote," alisema. "Rangi ya gari inameza baadhi, zinazobaki zinarudi machoni, ndizo tunazoziona. Taa hii ina chache tu. Kinachotofautisha mlango na gari kimo kwenye zile zilizokosekana. Humu macho yangu yalidanganywa. Na yako pia, shemeji. Si ulisema pulizeni?"

Fundi wa kupuliza akatazama viatu vyake, lakini akatikisa kichwa kukubali.

"Uganga wa CD huo," shemeji akasema.

Mwalimu mkuu akainyakua CD, akatoka nayo juani, akarudi tena ndani, akatoka tena. Mwishowe akamgeukia shemeji. "Mpe mama meza yake. Na uache kutukana watu kwa jambo usilolijua."

Meza ilirudi uani mchana ule. Aliibeba Mama Rangi na fundi wa kupuliza. Shemeji hakugusa hata mguu mmoja wa meza. Mama Rangi alichanganya upya, na jioni mlango ukakubali, ukafanana na gari lote.

Ila kumshinda mtu mbele ya mafundi wake si kupatana naye. Kwa miaka miwili shemeji hakumsemesha, alimtuma fundi: "Mwambie yule." Naye alijibu vivyo hivyo: "Mwambie huyo." Mwisho Mama Rangi akafungasha makopo yake, akafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara. Wiki hiyohiyo shemeji akaegesha lori bovu mbele yake, kumzibia jua.

Mama Rangi akalitazama lile lori asubuhi nzima, akatema mate chini, akahamishia meza nyuma ya kibanda. Wateja huzunguka huko kumfuata.