Nyundo Iliyokwenda Kusalimia

Kwetu wahunzi nyundo kubwa hainunuliwi, huolewa. Mkicheka chekeni, lakini mimi Kemilembe nimekulia Rugera katika nyumba ya mhunzi na najua ninachosema. Mhunzi kijana akitaka nyundo huenda kuiposa kwa mhunzi aliyemtangulia. Akikubaliwa, huifunga katika nguo mpya ya gome la mti, akaibeba hadi kwake, ikapokewa kwa ngoma na vigelegele na kuwekwa ndani siku mbili kama bibi harusi. Nyundo ya baba yangu, Rwegasira, iliolewa kabla ya mama. Mama alipofika aliikuta, basi akawa anaiita mke mkubwa. Baba akichelewa kuja kula, mama humpigia kelele: "Mkubwa amekukataza chakula leo?" Nasi watoto tulifundishwa kuiita mama mkubwa, na ole wake atakayeiruka kwa miguu.

Lakini ninayetaka kumsema hapa ni kaka yangu Melkiory. Alikuwa mtu mwenye maneno, jamani! Alisoma misheni, akajua Kiingereza, na tangu mwaka 1931 kazi yake ikawa kutembeza wageni. Wazungu waliposhuka kwenye meli Bukoba, yeye ndiye aliyewapokea. Kwanza aliwaonyesha majengo ya Wajerumani pale mjini, halafu wakapanda lori la Saleh, mwenye duka wa Omurushaka, wakavuka mto Kagera na kuja huku kwetu. Aliwapeleka Bweranyange walikokaa wafalme wa zamani, akawapeleka kwa mchonga vyungu vya mti vya maziwa, kwa mpiga magome ya nguo, kwa wanawake wasukaji, na mwisho wa safari kwa baba. Baba alikuwa wa mwisho kwa sababu kwake ndiko Melkiory alikong'ara.

Nilikuwa nikisimama mlangoni pa banda la uhunzi nikimtazama. Baba anavukuta moto, chuma kinakuwa chekundu, nyundo inapanda na kushuka, na Melkiory amesimama katikati kifua mbele anasimulia ndoa ya nyundo. Kiingereza sikukijua, ila nilijua amefika wapi kwa mikono yake: hapa ngoma, hapa vigelegele, hapa mama analalamika. Wageni wanacheka, wanaandika vitabuni mwao. Na kila safari aliongeza chumvi. Nilimwambia, "Kaka, mambo ya ndani ya nyumba unayatoa nje mno." Akanijibu, "Wee Kemilembe, hayo ndiyo yanayotulisha." Nikamwacha, maana ni kweli sukari na sabuni vilitoka kwake. Majembe ya baba yalikuwa hayatafutwi tena, watu walikuwa wananunua ya dukani.

Mwaka 1934, mwezi wa sita, wakaja wageni watatu, na mmoja wao bibi mrefu mwenye kofia ya ukindu. Walikuwa na barua ya wakubwa, kwa hiyo mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu, Muhangi, akaja nao, amevaa kanzu nyeupe na koti, anatokwa jasho kwa kuogopa jambo lisiharibike. Melkiory akasimulia ndoa ya nyundo, na siku ile alisimulia kupita siku zote. Yule bibi hakucheka. Aliisikiliza yote mikono ikiwa mashavuni, kisha akachuchumaa mbele ya fuawe, pale chuma kinapofuliwa, na kuishika nyundo kwa mikono miwili. Akamwambia Melkiory neno. Nikaona uso wa kaka yangu umebadilika.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Muhangi, ambaye Kiingereza hakukijua lakini kutaka kwa mtu alikujua, akamtangulia Melkiory kujibu: "Wanachotaka wapewe. Hawa si watu wa kuambiwa hapana. Mkiwanyima, kesho nitaulizwa mimi."

Mnaona? Huku mkungu, huku bibi na barua, huku baba ameketi na masizi usoni anangoja jibu la mwanawe. Ilitakiwa mtu aseme ukweli, na mwenye maneno yote alikuwa kaka yangu peke yake. Akasema hivi: "Baba, bibi anaomba mama mkubwa aende akasalimie kwao. Watu wake wamwone."

Baba akafikiri. Nilitazamia akatae. Lakini kwetu mke kwenda kusalimia si jambo la kukataliwa. Mke huenda, hukaa siku zake, na mumewe humfuata na kibuyu cha pombe akamrudisha. Mume anayemzuia mkewe kwenda kusalimia, watu humwita mchawi wa nyumba yake. Na yule bibi alivyoishika ile nyundo kwa heshima, alivyosikiliza, baba alimwona ni mtu mwenye adabu.

"Nimfuate lini?" akauliza.

Melkiory hakumgeukia bibi kumuuliza. Alijibu mwenyewe, haraka: "Mwezi ukiandama tena, Baba. Utamfuata Bukoba."

Baba akaingia ndani, akatoka na nguo ya gome, akaifunga nyundo vizuri na kumkabidhi bibi kwa mikono miwili. Bibi machozi yakamlengalenga. Akampa baba blanketi jekundu zito. Baba akafurahi sana kwa lile blanketi, akatuambia, "Hawa ni wakwe wanaojua ukwe." Mama akapiga kigelegele, akasema sasa atalala na mumewe bila mtu wa kumchungulia. Tukacheka sote, isipokuwa Melkiory, aliyesema Saleh anamngoja.

Siku zile baba hakufanya kazi. Hakuwa na nyundo nyingine ya kufulia, na hata angekuwa nayo, mume ambaye mkewe yuko safarini hawashi moto mkubwa. Alifagia banda, akapaka fuawe mafuta. Mwezi ulipoandama rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tayari. Akajifunga shuka safi, akanitwika kibuyu, tukapanda lori la Saleh tukashuka Bukoba siku ya pili. Melkiory alikuja kutupokea pale mzigo unaposhushwa. Aliposikia baba anataka kwenda moja kwa moja, alisema tupumzike kwanza, tule kwanza, labda kesho. Baba akamwambia, "Mtu halali mjini kwa wakwe kabla hajajionyesha."

Wageni wale walikuwa wamefikia kwa mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa, ambaye watu walimwita Bwana Kahawa. Alitupokea barazani kwake na kupeana mikono nasi. Akasema maneno machache kwa Melkiory. Melkiory akavua kofia, akabaki ameikunja mkononi, hakutafsiri kitu.

Baba hakungoja. Aliketi chini, akaweka kibuyu mbele yake, akaanza kama inavyopasa mume anayefuata mke. Mume hujishtaki kwanza.

"Wakwe zangu, mimi Rwegasira nimekuja. Kama mke wangu amewalalamikia, amesema kweli. Mwaka wa nzige nilimsahau nje akanyeshewa usiku kucha. Nilipofiwa na ndugu yangu nilimfanyisha kazi kabla matanga hayajaanuliwa, kwa sababu watu walitaka majembe. Siku moja nilimwazimisha kwa jirani, na hilo najua ni aibu. Nimekosa. Hii hapa pombe. Nipeni mke wangu twende nyumbani."

Sijapata kumsikia baba akisema makosa yake mbele ya mtu, wala kabla ya siku ile wala baadaye. Bwana Kahawa alikuwa anatabasamu kwa adabu, anamtazama Melkiory ili ajue mzee kasema nini. Kaka yangu akasema kitu kifupi, kifupi mno kwa maneno yote yale. Bwana Kahawa akafurahi, akaagiza bilauri, akamimina rubisi akanywa, akampa baba mkono tena, akaingia ndani.

"Amekunywa," baba akaniambia kwa sauti ya chini. "Umeona? Akishakunywa hawezi kukataa." Akajiegemeza kwenye nguzo ya baraza kungoja mke wake aletwe.

Nikamvuta Melkiory mpaka nyuma ya magunia. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mzee amemletea pombe."

"Na nyundo?"

"Imeondoka na meli, siku nane sasa. Imefungwa sandukuni. Inakwenda kwao, Kemilembe. Kwao Ulaya."

"Ulijua?"

Alikuwa analia na kuziba mdomo ili baba asisikie. Nilimkamata shati nikataka kumpiga, mtu mzima yule. Nikamwambia nenda ukamwambie baba. Akasema, "Siwezi. Nenda wewe." Nikatoka kwa hasira nikaenda mpaka mbele ya baba, na baba akaniinulia macho akauliza, "Wanamwandaa?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Hivyo nami nikawa mwongo kama kaka yangu. Tangu siku ile sijaweza kumtukana kwa neno hilo la mwongo.

Tulikaa pale hata alasiri. Mwishoni Bwana Kahawa alitoka, akashangaa kutukuta. Akauliza. Hapo ndipo Melkiory alimweleza yote kwa Kiingereza, kwa muda mrefu, mikono yake imening'inia tu. Yule mzungu hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye ngazi, akashika kichwa, akasema ataandika barua, ataomba, lakini sanduku limeshapita Kisumu, na hajui bibi mwenyewe atafikia wapi. Melkiory akageuka kutafsiri. Baba akamzuia kwa kiganja.

"Hayupo," akasema. Hakuwa anauliza.

Kisha akamtazama mwanawe. "Ulipokuwa unamsimulia yule bibi habari za mke wangu, ulimwambia ana watoto?"

"Hapana, Baba."

"Hukumwambia kwamba alikulisha wewe?"

"Hapana."

Baba akanyanyuka, akakung'uta shuka yake. Tukarudi nyumbani.

Bwana Kahawa aliandika kweli. Aliandika mara mbili. Baba alijua barua zimekwenda, na kila mwezi ulipoandama alimwambia mama apike pombe kidogo, isije ikawa ameletwa na nyumbani hakuna kitu. Watu walimshauri aoe nyundo nyingine. Angeiposa kwa nani? Mhunzi aliyempa ile alikwishakufa, na wanawe walikuwa wanauza kahawa. Melkiory alizunguka Kyerwa nzima akitafuta mhunzi mwenye nyundo ya kuozesha, akarudi na nyundo ya dukani yenye mpini. Baba alimshukuru, akaitumia kugongea misumari ya mlango.

Jibu lilifika mwaka 1936. Melkiory alikuja nalo kwa miguu kutoka Omurushaka, tukaketi sote akatusomea. Bibi anamsalimu mzee sana. Anasema nyundo inatunzwa vizuri katika jumba ambamo watu huenda kutazama vitu vya kale, ndani ya kabati la kioo, wala hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Hawezi kuirudisha kwa kuwa si yake tena, ni ya jumba lile. Lakini ameleta picha.

Picha ikazunguka mkono kwa mkono. Nyundo ilikuwa imelazwa peke yake juu ya kitambaa cheupe, kimenyooshwa bila kunjo, na chini yake karatasi ndogo ya maandishi. Baba aliitazama kitambo. Mama akachungulia begani kwake, na mama ndiye aliyesema.

"Wamemvika sanda."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Kitu kilicholazwa juu ya nguo nyeupe, kimefungiwa, kisichoguswa, na jina limeandikwa chini, sisi tulijua ni nini. Tulikuwa tumeyaona hayo makaburini misheni. Akasema, "Basi. Kumbe nimekuwa nikimpikia pombe maiti." Akaenda bandani, akatoa majivu ya zamani yote, akayamwaga migombani, akaamuru matanga.

Padri angesema nini, sijui, hatukumuuliza. Majirani walikuja. Mama alilia kuliko wote. Alilia mke mwenzake kwa sauti, akitaja mizaha yake yote na kuomba asamehewe, na hakuna aliyecheka. Siku ya nne watoto wa marehemu wakanyolewa. Nilinyolewa mimi, na Melkiory, aliyekuwa mkubwa wetu, akanyolewa wa kwanza. Alikaa kwenye kigoda akiinamisha shingo mbele ya wembe, na nywele zilipokuwa zinaanguka alisema, "Baba, nisamehe." Baba alimjibu, "Nyamaza, unamlilia mama yako." Hakusema zaidi, na ndivyo ilivyobaki baina yao.

Kesho yake Saleh alipiga honi barabarani. Kulikuwa na wageni wanne wamekwishalipia safari, na Muhangi alikuwa amekwishaahidi. Nilimsindikiza kaka yangu mpaka kwenye lori. Mwanamke mmoja mzee wa Kizungu, aliyejua Kiswahili kwa kukaa sana nchini, aliona kile kichwa chake kinachong'aa, akamuuliza amefiwa na nani.

"Mama," Melkiory akasema.

Mwanamke yule akashuka hata garini kumshika mkono, akawaeleza wenzake, na wote wakampa pole, mmoja mmoja. Kisha wakapanda, wakamwomba awapeleke kwa mhunzi.