Tangi Jipya Nililolizeesha

Sina wa kumwambia haya uso kwa uso, maana nikisemeshwa tu naangalia chini. Kwa hiyo naandika. Nyumba ya mama yangu imevunjwa, na kosa ni langu.

Tulikuwa tunakaa Kurasini, jirani na bandari. Tangu ruhusa ilipotoka ya kila mwenye mtaji kuagiza mafuta, matangi yalikuwa yakiota nyuma ya vyoo vyetu. Watu wakalalamika, halmashauri ikatoa amri: kwa miezi sita, tangi jipya lisitiwe mafuta karibu na makazi mpaka umbali wa usalama upimwe. Ya zamani yaendelee. Siku hiyo mama alipika pilau.

Nyuma ya nyumba yetu kampuni moja ilikuwa na tangi lililomalizwa kuchomelewa wiki hiyohiyo. Msimamizi wao, Fundi Seif, akanikuta nimekaa barazani.

"Dogo, mwandiko wako vipi?"

"Mzuri," nikasema.

Ningekaa kimya kama kawaida yangu, leo tungekuwa na nyumba.

Mama alikuwa Kunduchi msibani, siku tatu. Siku hizo tatu, kwa brashi aliyonipa Fundi Seif, nililizeesha tangi lionekane la zamani, amri isiliguse. Nilichanganya rangi ya kahawia na dizeli, nikapaka kutu. Nikarusha chokaa juu iwe mavi ya kunguru. Fundi Seif akarudi nyuma hatua kumi, akatazama, akasema, "Hawa kunguru wako wanaharisha. Punguza." Nikapunguza. Mwisho nikaandika, kwa herufi zilizofifia, mwaka wa kujengwa: mwaka wa enzi za mkoloni, mama yangu hajaolewa.

Wakaguzi walikuja watatu. Mmoja aligonga bati kwa kidole, akasema, "Chuma cha Mwingereza hiki. Siku hizi hawatengenezi kitu kama hiki." Mjumbe wetu wa nyumba kumi akadakia kwamba utotoni alicheza chini ya tangi hilo. Mjumbe huyo alihamia Dar kutoka Tabora, na alikuja na mke na watoto wanne.

Mama, aliyekuwa amesharudi kutoka msibani, akasogea. "Jamani, mbona mabati ya tangi hili nimeyaona mie mwenyewe yakishushwa kwenye lori, kabla ya mvua?"

"Mama, unajua kusoma?" akaulizwa.

"Sijui. Ila mwanangu huyu hapa kamaliza la saba." Akanishika mkono, akanivuta mbele ya watu. "Soma, mwanangu. Wameandika nini?"

Nilikuwa na rangi ya kahawia chini ya kucha. Nikaficha mikono nyuma, nikasoma mwaka ule, kwa sauti, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Umemsikia mwanao," mkaguzi akasema, akaandika kwenye daftari lake.

Tangi likatiwa mafuta. Umbali ulipokuja kupimwa, ikaonekana nyumba yetu imelisogelea mno. Mama alipouliza fidia, ofisa akamjibu kwa upole kabisa: tangi lilitangulia, nyumba ikalifuata, kwa hiyo wewe ni mvamizi. Baba yangu, marehemu, aliijenga nyumba ile kwa mshahara wa kuli, miaka ishirini kabla ya hilo tangi. Siku ya kuvunja, tingatinga lilimaliza kabla chai ya mama haijapoa.

Sasa tuko Mbagala, chumba kimoja kwa mama mdogo. Mama ameninunulia karatasi na kalamu, anataka nimwandikie barua wilayani kwamba tangi lile ni jipya. Wiki ya tatu hii, nimeandika "Yah" tu. Watu wakimuuliza barua imefikia wapi, anawajibu, "Msimharakishe, mwanangu anaandika polepole, ila akiandika anaandika ukweli."

Vijana wenzangu, mtu akikupa brashi uzeeshe kitu kipya, muulize kwanza kinamzidi nani umri. Na ukishakosea kama mie, mama yako akikuvuta mkono mbele ya watu usome, usimsomee kilichoandikwa tu. Mwambie na aliyekiandika ni nani.