Filamu Niliyompelekea Babu Chilangala

Babu yangu mzaa mama alitengeneza filamu za kuchekesha kabla mimi sijajua kusoma. Kamera ilikuwa ya kuazima, waigizaji wakulima wa korosho wa Chilangala, na sidii zake zilifika mpaka Lukuledi. Hadi leo, mtu akiteleza na ndoo kichwani pale Newala, wenzake humwambia, "Umeigiza ya mzee!" Filamu yake ikionyeshwa, aliipa televisheni mgongo, akawatazama watu nyusoni. Mahali pasipochekesha, kesho yake alipaondoa.

Nilipomaliza filamu yangu ya kwanza, niliyoipiga kwa simu huku Masasi, nilitaka kutoka kwake neno moja tu la kweli. Kazi ipo, maana babu na mjukuu ni watani, na tangu nizaliwe hajanisifu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Kupika hujui, sasa umeniletea picha?"

Siku hizi haoni kabisa. Tuliziba madirisha kwa kanga, majirani wakajaa sebuleni mchana ule, naye akaketi vilevile, akiwaelekea, akiwasikiliza.

Walicheka, jamani! Walimcheka mwenyekiti wa kijiji akikohoa katikati ya hotuba. Mwigizaji wangu mwenye ndoo kichwani alipoanguka, jirani mmoja alicheka hadi akaomba maji. Mcheza kwao hutunzwa, nikajisemea, kichwa kimevimba. Mahali pamoja tu katika filamu palipoa: mama yangu anabangua korosho, anaitenga moja nzima kwa ajili ya kaka yangu ambaye hapigi hata simu, anaitazama, halafu anaila mwenyewe. Hapo hakucheka mtu. Niliona aibu.

Majirani walipoondoka nikamwambia, "Pale palipopoa nitapaondoa, babu."

Nikangoja utani, haukuja.

"Pale usipaguse," akasema taratibu. "Kwingine kote walikuwa wakinicheka mimi. Ndoo yangu, kuanguka kwangu, hata kile kikohozi cha mwenyekiti ni changu. Pale walipopoa nilimsikia mtu akiacha kutafuna. Pale sipajui. Pana nini?"

Nikamsimulia. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Niliumia, sitasema uongo. Neno la kweli nililolitaka nililipata, na lilinichoma njia nzima ya kurudi Masasi. Wiki hiyohiyo nilifuta ndoo, kikohozi na vicheko vyote. Katika dakika arobaini zilibaki mbili, mama na korosho yake, nami nikaanza kazi.