Mkono wa Boya Nilioupinda

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, sikufanya kazi hata saa nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa magari hapo Kibwezi, na nilijiona najua. Mwajiri wangu, Fundi Kilonzo, alikuwa amepanda kwenda Nunguni kwenye mazishi ya shemeji yake, akaniachia gereji. Kusema kweli nilifurahi kubaki peke yangu.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Muli na pikapu yake. Alikuwa na duka Ikutha, upande wa Kitui, na gari lake ndilo lililobeba wagonjwa wa kijiji kizima, maana kwenye barabara ile ya vumbi ungeweza kukaa nusu siku bila kuona gari lingine.

"Kijana, hii geji ya petroli inanidanganya," akasema. "Nikijaza tangi hapa, kabla nifike Ikutha mshale umeshuka nusu. Na hii gari haili hivyo."

Nikamwambia akanywe chai, kazi ingekuwa imekwisha kabla hajamaliza kikombe. Ndivyo nilivyokuwa nikiongea na watu siku zile.

Nilichomoa waya kwenye tangi nikaugusisha kwenye bodi ya gari. Mshale wa dashibodi ukapanda mpaka mwisho, nikajua geji ni nzima na waya ni mzima. Nikafungua tangi kwa juu, nikatoa kile kifaa cha ndani chenye mkono mwembamba na boya dogo mwishoni, boya linaloelea juu ya petroli na kuipa geji habari. Nikainua boya kwa kidole, mshale ukapanda. Nikalishusha, ukashuka taratibu bila kukwama popote.

Kila kitu kilikuwa kizima, mwanangu. Basi kama geji haikosei, petroli ilikuwa inapotea kweli, na ilibaki kutafuta inapotelea wapi. Nyuma ya mlango wa gereji kulikuwa na kijiti kilichochongwa alama kwa kisu. Fundi Kilonzo hakuwa akigusa waya wowote kabla ya kukitumbukiza kwenye tangi kuona petroli ni kiasi gani, kuzungusha gari barabarani na kupima tena. Mimi nilikidharau kile kijiti. Nilikiita cha wazee, na sasa mzee ni mimi, cheka tu.

Mzee Muli alikuwa amemaliza chai yake, amesimama nyuma yangu. Nikaona haya kumwambia sijaona kosa. Nikachukua koleo, nikaupinda kidogo ule mkono wa boya ili mshale ukae juu. Wakati nikifunga, niliona vumbi lililolowa chini ya tangi, kwenye mshono. Nikalipangusa kwa kitambaa. Nilijiambia ni petroli niliyomwaga mwenyewe, na nilijua vizuri kwamba sikuwa nimemwaga hata tone.

Mzee akawasha gari, akatazama mshale, akatabasamu. "Sasa wewe ni fundi," akasema.

Jumamosi iliyofuata mke wake, Mama Nduku, aliumwa na nyoka, koboko, shambani akichuma ndengu. Majirani walimlaza nyuma ya pikapu, Mzee akaendesha mwenyewe kuelekea hospitali. Mshale ulionyesha robo tangi, na robo ingemfikisha na kumrudisha. Gari lilizima katikati ya nyika, saa sita mchana. Walimfunika kwa kanga wakangoja. Lori la kwanza lilipopita, Mama Nduku alikuwa ameacha kupumua.

Baada ya kumzika mkewe, Mzee Muli alitia petroli ya mtungi akaja Kibwezi. Fundi Kilonzo alikuwa amesharudi. Nilipoiona ile pikapu nilitamani kutokea mlango wa nyuma.

"Fundi, ilionyesha robo," Mzee akasema. "Wewe niambie mimi nilikosea wapi."

Kumbe siku zote hizo alikuwa akijilaumu yeye.

Kilonzo alichukua kijiti chake akakitumbukiza kwenye tangi. Kilitoka kimelowa ncha tu, na mshale ulikuwa umesimama kwenye robo. Akaingia chini ya gari, akakaa huko. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa na petroli. "Mshono umepasuka," akasema. "Gari ikitingika, inamwaga." Kisha akafungua tangi kwa juu, akautazama ule mkono wa boya, akanitazama mimi.

"Musyoka, mwambie mzee mwenyewe."

Nikamwambia yote, hata habari ya kitambaa. Mzee Muli akaitazama ile geji.

"Kumbe ilikuwa inaniambia ukweli," akasema. "Na mimi nikakuletea uinyamazishe."

Hakunilaani. Mpaka leo natamani angenilaani. Alisema tu, "Irudishe vile ilikuwa," akasimama palepale aliposimama mara ya kwanza, nami nikaanza kuunyoosha ule mkono. Kilonzo akanishikia kile kifaa.

Mwanangu, umeanza kazi hii juzi na wateja tayari wanakusifu, ndiyo maana nakusimulia leo. Ukikuta kila kitu kizima na mwenye gari bado analalamika, usitafute cha kupinda. Pima kwanza kwa kijiti. Zungusha gari, pima tena. Ukiona unyevu, ufuate mpaka utakapoishia, usiupanguse. Na ukishindwa, mtazame mtu usoni umwambie, "Sijaona kosa, usiende mbali na gari hili." Utaona haya siku hiyo moja tu. Mimi nimeona haya miaka yote hii, na Mama Nduku hakurudi.

Kijiti cha Kilonzo ni hiki. Alama zilikuwa zimefifia, nimezichonga upya. Chukua. Mungu akupe macho ya kuona vumbi lililolowa, na mdomo wa kusema sijui. Na kila atakayetoka mikononi mwako na gari lake, Mungu amfikishe alikokuwa anakwenda.