Maji ya Kunywa Ndani ya Chupa ya Serumu

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikisaga unga mweupe. Sista aliyekuwa mkuu wa farmasi ya hospitali, hapa Bukavu, alinipa kinu kidogo cha kauri, akanionyesha dawa ya kutuliza kiungulia, akaenda zake. Aliporudi nilikuwa mweupe toka nywele hadi viatu. Akapitisha kidole kwenye unga, akasema bado una chenga, nisage tena. Nilimchukia siku hiyo, nikampenda miaka yote iliyofuata.

Ninyi vijana mnafungua boksi tu. Sisi tumbo tulilitengea kabati zima. Rafu ya juu ilikaa dawa za kupunguza asidi, za wenye vidonda vya tumbo. Ya kati, dawa za minyoo na za amiba, kidudu cha kuhara damu. Ya chini, kwa kufuli, ilikaa dawa ya kufunga kuhara. Hiyo haiui kidudu chochote, inalaza utumbo tu, na kwa mtoto mchanga ni hatari. Nilipotumwa Kamituga, wachimba dhahabu waliniomba hiyo kila siku wasilazimike kutoka shimoni. Niliwanyima, wakanitukana, tukazoeana.

Vita vilinikuta Bagira, msimamizi wa farmasi ya kituo cha afya. Mkubwa wangu alikuwa muuguzi mkuu, tuliyemwita Titulaire. Watu walikimbia kutoka uwanda wa Ruzizi, wengi wakihara, na serumu, yale maji ya kutundika yanayoingizwa mshipani, zilikuwa karibu kwisha. Nilibaki na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya kwenye maji safi. Kwa mgonjwa anayeweza kunywa ni dawa bora kabisa, lakini akina mama waliidharau. Maman Nabintu, aliyefika kwa miguu kutoka Luvungi na binti yake, aliniambia wazi:

“Papa Deo, mutoto iko nakufa, na wewe unamupatia maji ya sukari? Umupatie serumu.”

Hapo nikajiona mjanja. Nilichemsha chupa tupu za serumu, nikazijaza yale maji ya chumvi na sukari, nikamwambia hii ni serumu mpya, ya kunywa kwa kikombe, kidogo kidogo. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Mtoto akanywa, na kesho yake akaomba ugali. Basi kila mama akataka chupa ya Papa Deo. Nilizipanga kwenye rafu bila kuandika kitu juu yake, maana nilizijua mwenyewe.

Asubuhi moja nilishuka mjini kutafuta pakiti zaidi. Nyuma yangu risasi zikalia, majeruhi wakaletwa, na binti wa Nabintu akaanza kutapika upya. Titulaire, mbiombio, alichukua chupa kwenye rafu yangu, akaitundika, akautafuta mshipa wa mtoto. Maji yale yakiingia kwenye damu yanaua. Nabintu akaufunika mkono wa mwanawe kwa mkono wake.

“Hapana, Titulaire. Papa Deo aliniambiaka hii iko ya kunywa.”

Mkubwa alimwamuru aondoe mkono. Hakuondoa. Titulaire akafungua chupa, akaonja, akatema.

Niliporudi nilimkuta akimwaga chupa zangu zote uani. Aliniuliza kwa sauti ya chini nilitaka kumuua nani. Nilimweleza yote. Hakunifukuza. Alinituma kitanda kwa kitanda niwaambie akina mama ukweli, na niwape pakiti na kikombe. Niliogopa hakuna atakayekunywa. Nabintu alininunia kidogo, halafu akachanganya pakiti mbele ya wote, akamnywesha binti yake. Wengine wakamfuata. Aibu niliyoona siku ile ilichanganyika na furaha, na furaha ilikuwa nyingi zaidi.

Nilipostaafu, wenzangu walisimulia kwenye sherehe ujanja wangu wa vita, wakapiga makofi. Niliwaomba wanyamaze, nikawapa nusu ya pili ya kisa. Nimeridhika na kazi yangu, sikatai. Lakini mama yule nilimdhania hataelewa, nikamdanganya, na ndani ya uongo wangu akashika neno moja la kweli nililomwambia, akalitetea mbele ya mkubwa hadi mtoto akapona. Tangu siku ile sikumpa mtu dawa kabla hajanieleza yeye mwenyewe ataitumiaje.