Takataka Zangu Zilivyomwondoa Mwalimu

"Shoga, eti ni kweli mwalimu anaondoka kwa sababu ya takataka zako?"

Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo akiwa na pini mdomoni.

Nikaitikia kwa kichwa. Maana ni kweli.

Mimi ni mjane, mfagiaji wa shule. Nina mjukuu wa darasa la tatu, aliyeachwa na marehemu binti yangu. Miaka miwili alikuwa hajui "a" wala "be". Alipokuja huyu mwalimu, muhula mmoja tu, mtoto akawa ananisomea mpaka maandishi ya kwenye sabuni.

Mwalimu mwenyewe mmoja. Darasa la kwanza, la tatu na la tano, wote chumba kimoja.

Jumatatu ikaja barua. Mkaguzi anakuja Alhamisi, anataka andalio la kila somo kwa kila darasa. Mwalimu akionekana hawezi, anaondolewa.

Nilimkuta ameinamia meza, karatasi nyeupe pee.

"Bibi, nimekwisha. Madarasa matatu, mdomo mmoja!"

Mimi niliyeishia darasa la saba, nimshauri nini mwalimu? Nikaendelea kufagia. Nikalitazama rundo mbele ya ufagio: vipande vya penseli, vifungo, maganda ya machungwa, majani.

"Mwanangu, si uwafundishe hizi?"

"Takataka?"

"Wa la kwanza wahesabu vifungo. Wa la tatu kila mmoja achague kitu, aandike kilikuwa cha nani. Hao wakubwa wakuambie kipi kinaoza, kipi hakiozi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akashika kalamu.

"Na hesabu, wapime uzito! Bibi wewe, ulijificha wapi siku zote?"

Nyumbani nikapiga magoti. Ee Mungu, asishindwe.

Alhamisi mkaguzi akaingia, uso umekunjamana kama shati lisilopigwa pasi. Dakika kumi baadaye amechuchumaa sakafuni, anahesabu vifungo na watoto wa la kwanza.

Mjukuu wangu akasimama, akasoma alichoandika: "Ganda hili ni la chungwa la rafiki yangu. Alinimegea." Hakukwama hata neno moja. Mimi mlangoni na ufagio wangu, machozi hayo.

"Hii sijaiona popote!" mkaguzi akasema.

"Wazo ni la bibi yule pale," mwalimu akajibu.

"Bibi, hongera." Kisha akamgeukia mwalimu. "Kijana, mtu kama wewe unafanya nini huku? Mwezi ujao unahamia chuoni, ukafundishe walimu wenzako."



"Na watoto hawa je, mheshimiwa?" nikauliza.

"Tutaangalia."

Mnaijua wenyewe hiyo tutaangalia.

Mwalimu aliandika barua mbili kukataa. Akajibiwa kwa mstari mmoja: ripoti tarehe iliyotajwa.

Nilimwomba Mungu mwalimu asishindwe, na hakushindwa. Simlaumu Mungu. Ila kuomba asichukuliwe kwa kufaulu, hilo halikunijia kabisa.

Ndugu msomaji, ukimsaidia mtu wako ang'ae, ujue hata walio mbali wanamwona. Ningekaa kimya aondolewe kwa aibu? Sijui. Hata leo sijui.

Tangu siku ile ya mkaguzi, kila Jumatatu watoto walileta takataka za kusomea. Ijumaa ya mwisho kengele ililia, watoto hawakuinuka. Mjukuu wangu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Jumatatu tulete nini?"

Mwalimu akaiweka chaki mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka.